Darasa la upinde kwa watoto, upande wa Kasapa: maoni ya mzazi wa Lubumbashi

Darasa ninalolieleza hapa hufanyika kila Jumamosi katika kiwanja kilichopo upande wa Kasapa, nalo hupokea watoto wa kuanzia miaka 8. Binti yangu amekuwa akijifunza hapo tangu kiangazi kilipoanza, na kwa kuwa wazazi wengi wa mtaani kwetu wameniuliza kama kumpa mtoto upinde ni jambo la akili, nimeona ni afadhali niandike kwa urefu kuliko kumjibu kila mmoja njiani. Jibu langu ni kwamba darasa hili linafaa, na sababu kubwa ni kwamba mwalimu wake ameufanya usalama kuwa somo lenyewe, si hotuba fupi ya kusikilizwa kabla ya mchezo. Hata hivyo yapo mambo mawili, moja la kiwanja na jingine la kundi la mchana, ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla hajalipa.

Wasiwasi wa wazazi si wa bure. Katika Katanga upinde haujawahi kuwa kitu cha kuchezea. Masimulizi ya Waluba na Walunda yanamtaja Chibinda Ilunga, mwindaji wa ukoo wa kifalme wa Kiluba aliyekwenda kwa Walunda akamwoa malkia wao, Ruwej, na kile kiegemezo cha mbao cha kuwekea pinde na mishale ya mfalme wa Waluba kilikuwa alama ya utawala, hakikuwa chombo cha kila nyumba. Huo ni upande wa heshima. Upande wa pili unajulikana na familia zilizohamia hapa kutoka Nyunzu na Manono, ambazo hazijasahau mapigano ya Watwa na Waluba yaliyoanza mwaka 2013, ambamo mishale iliua watu. Bibi mmoja aliyekuja kumwandikisha mjukuu wake alilisema jambo hilo waziwazi mbele yetu sote, na mwalimu hakucheka wala hakulipita. Alimjibu kwa lugha ya hapa hapa: «Mama, mutoto akielekeza upinde kwa muntu, hata bila mushale, siku ile anarudi kwabo.» Kanuni hiyo nimeiona ikitekelezwa, tena kwa mtoto wa mtu ambaye gari lake lilikuwa limeegeshwa pale pale. Hakuna shabaha yenye umbo la mtu wala la mnyama, na ndege wa mitini hawaguswi.

Kwa mahali pasipo na jengo lolote, kiwanja kimepangwa kwa uangalifu. Kamba ya manjano iliyolazwa chini ndiyo mstari wa kupigia, na watoto wote husimama juu ya mstari huo mmoja, mguu huu mbele ya kamba na mguu ule nyuma yake, ubavu ukiwa umeelekea shabaha, hivyo hakuna hata mmoja anayetangulia mbele ya upinde wa mwenzake. Mita 5 nyuma yake, umbali ule ule unaotakiwa katika mashindano ya World Archery, shirikisho la kimataifa la mchezo wa upinde, ipo kamba nyeupe ya kusubiria, na wazazi wana mabenchi yao nyuma zaidi chini ya mwembe. Pinde hutundikwa kwenye vigingi vilivyo kati ya kamba hizo mbili, mishale hukaa katika mabomba ya plastiki yaliyochimbiwa ardhini kwenye mstari wa mbele, kwa hiyo mtoto anayesubiri hana upinde wala mshale mkononi. Karatasi za shabaha ni zile za rangi tano, manjano katikati, kisha nyekundu, buluu, nyeusi na nyeupe, zenye upana wa sentimita 122. Wanamichezo wa Olimpiki hupiga karatasi ya ukubwa huo huo wakiwa mita 70; watoto hapa huanzia mita 5, na anayeonyesha kwamba mishale yake yote hukaa pamoja ndiye anayerudishwa hadi mita 10. Nimesikia wazazi wakilalamika kwamba mita 5 ni karibu mno, ni aibu. Mimi naona ndipo mtoto anapojifunza kusimama, kuvuta na kuachia bila kuhangaikia kukosa.

Karatasi hizo zimebandikwa kwenye magunia ya makala (mkaa) yaliyoshindiliwa nguo kuukuu na mifuko ya plastiki mpaka kidole hakizami. Mwalimu huyapiga ngumi moja moja kila asubuhi kabla ya watoto kufika, kwa sababu gunia lililolegea hupitisha mshale hadi upande wa pili. Nyuma ya magunia kuna kichuguu, kimoja cha vile vichuguu vikubwa ambavyo kila mtu wa Lubumbashi anavijua na ambavyo wafyatua matofali wanavimaliza mwaka baada ya mwaka. Ukuta kama huo mtu hawezi kuununua: hauanguki, hautobolewi, na mshale uliopita juu ya gunia unaishia hapo. Lakini wakati wa kiangazi udongo wake hukauka ukawa mgumu sana, na mshale unaougonga ama huvunjika ama huruka pembeni. Kwa hiyo mwalimu ametundika mbele yake mazulia mawili ya zamani, yakining'inia bila kukazwa, ili mshale upoteze nguvu zake kwenye zulia kabla haujafika kwenye udongo. Ni kazi ya mtu anayefikiri.

Kasoro ya kwanza iko hapo hapo, pembeni. Kichuguu ni cha duara, ilhali magunia ni manne na yamepangwa kwa mstari ulionyooka, na lile la mwisho la kulia limevuka ukingo wa kichuguu. Nyuma yake hakuna kitu ila majani, na katika majani hayo ipo njia ya miguu ambayo watu hukatiza kwenda barabara kubwa. Majani yakishakauka na kuchomwa, kila mpita njia huonekana. Mvua zikianza mwezi wa 11 yatakuwa marefu kuliko mtoto, na hapo sijui nani atamwona nani. Kwa sasa mwalimu humweka kijana mwenye kitambaa chekundu awazuie watu wakati mishale inaporushwa, lakini kijana ni binadamu, huchoka, simu humwita. Dawa yake si ya gharama: ama shabaha ziwe tatu, ama ukuta wa matofali ya udongo ujengwe kuziba pengo hilo. Nimemweleza mwalimu, akakubali kwamba nina haki, na mpaka ninapoandika gunia la nne bado liko mahali pake.

Jambo linalolitofautisha darasa hili na mengine ya likizo niliyoyaona mjini ni firimbi. Mara mbili, watoto waliopangiwa zamu huvuka kamba nyeupe, huchukua pinde na kusimama kwenye mstari. Mara moja, wanaweza kuweka mshale kwenye kamba ya upinde na kupiga. Mara tatu, pinde zimekwisha kutundikwa, sasa wote wanatembea kwenda kuchukua mishale. Mara tano au zaidi, kila mtu asimame kama alivyo, aliyevuta arudishe kamba polepole bila kuiachia, mshale urudi kwenye bomba. Ndizo ishara zile zile za mashindano ya kimataifa, hivyo mtoto akijaliwa kufika mbali hatalazimika kujifunza upya. Katika somo la kwanza watoto hawakupewa mshale hata mmoja. Walicheza firimbi tupu, wakienda na kurudi, na mwalimu alikuwa akipuliza tano wakati wasipotarajia, akimwangalia yule anayeendelea kutembea. Watoto walidhani ni mchezo, na baadhi ya wazazi walidhani ni ulaji wa pesa. Mimi nilikuwa nikimtazama binti yangu, ambaye nyumbani huitwa kula mpaka sauti inakauka, akiganda mguu mmoja ukiwa hewani.

Kuhusu vifaa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo mzazi anapoweza kudanganywa na muuzaji. Pinde za darasa ni za mbao, za kufunguliwa vipande vitatu, nazo zilipitia mpaka wa Kasumbalesa zikitoka Afrika Kusini. Kwenye mkono wa chini wa kila upinde, yaani kipande chake cha chini kinachopinda, pameandikwa urefu wake kwa inchi na nguvu yake kwa ratili, na nguvu hiyo hupimwa kwa mvuto wa inchi 28, ambao mtoto mwenye mikono mifupi haufikii, kwa hiyo anachokishika ni pungufu ya kilichoandikwa. Watoto wadogo wanapewa ratili 10 hadi 14, yaani kama kilo 5 au 6. Baba mmoja alileta upinde wake mwenyewe wa ratili 30, alionunua kwa fahari ili mwanawe «akue nao». Mwalimu aliukataa kwa adabu. Mtoto anayevuta upinde unaomzidi huuinua juu kwanza ili apate nguvu ya kuvuta, na kamba ikimponyoka wakati huo mshale unapita juu ya shabaha, juu ya kichuguu, na kwenda kuanguka makumi ya mita mahali asipopaona. Hata kwa upinde mwepesi, kuvuta huku mshale ukitazama mbingu ni kosa linalomtoa mtoto kwenye mstari.

Mishale nayo ina hesabu yake. Binti yangu alipenda ile yenye manyoya ya zambarau. Mwalimu alimwambia anyooshe mikono miwili mbele, akaweka mkia wa mshale katikati ya kifua chake, akaulaza kati ya viganja. Ncha iliishia kwenye kucha. «Hii ni mifupi kwako», akasema, akairudisha kwenye bomba na kumpa mingine ya manyoya meupe, ambayo ncha zake zilipita vidole kwa upana wa kiganja kizima. Mtoto alinuna, lakini sababu ni nzito. Mshale mfupi ukivutwa kupita kiasi, ncha hurudi nyuma ya upinde, mshale huanguka kutoka mahali unapokalia, na kamba ikiachiwa wakati huo unaweza kuingia katika mkono wa yule yule aliyeushika upinde. Anayeanza hajajua bado mkono wake unaishia wapi, leo anavuta hadi shavuni, kesho hadi sikioni, kwa hiyo ni afadhali mshale uwe mrefu na uruke kwa uzito kuliko uwe mzuri wa kutazama. Mishale yote ya darasa ni ya alumini, ambayo ikipinda huonekana kwa kuuviringisha mshale kwenye kiganja. Ya kaboni hairuhusiwi kwa watoto, kwani ikiwa na ufa usioonekana huweza kupasuka vipande wakati wa kuachiwa.

Kila mtoto hufungwa kinga ya ngozi kwenye mkono unaoshika upinde, maana kamba ikiupiga mkono mtupu huacha alama ya bluu na mtoto huanza kuogopa, na anayeogopa hufumba macho. Vidole vitatu vya kuvutia huvalishwa kipande cha ngozi. Vipande hivyo ni vichache, vinazunguka kutoka mtoto hadi mtoto vikiwa na jasho, na vingine ni vya saizi ya mtu mzima. Nimemshonea binti yangu chake kutoka kwenye ngozi ya kiatu cha zamani, na mwalimu alikikagua akakikubali. Nywele ndefu hufungwa nyuma, cheni na hereni za kuning'inia huvuliwa, na sweta pana, ambazo asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 mtoto hawezi kuziacha nyumbani, hubanwa mkono kwa mpira ili kamba isizikamate.

Kung'oa mishale huchukua muda mrefu kuliko kuipiga, na nimeupenda ucheleweshaji huo. Watoto hutembea, hawakimbii, kwa sababu mikia ya mishale iliyochomeka kwenye gunia iko kwenye usawa wa macho yao na aliyejikwaa hana wa kumlaumu. Wawili tu hukaribia gunia, mmoja kila upande, na wengine hubaki hatua chache nyuma. Anayeng'oa huweka kiganja kimoja kwenye karatasi, hushika mshale karibu kabisa na gunia kwa mkono wa pili, hutazama nyuma kama hakuna mtu, ndipo huuvuta ukiwa umenyooka. Mishale hubebwa ncha zikiwa chini zimefunikwa kwa kiganja.

Sasa kasoro ya pili. Niliyoyasifu hadi hapa ni ya kundi la asubuhi, ambalo lina watoto wachache, mwalimu mwenyewe na msaidizi mmoja. Kundi la mchana ni kubwa zaidi ya hilo karibu mara mbili, na watu wazima ni wale wale wawili, wakiwa wamechoka na jua. Jumamosi moja tulichelewa kwa sababu ya mvua ya ghafla, binti yangu akaingizwa kundi la mchana. Mwalimu alikuwa anakaza kamba ya upinde uliolegea, msaidizi akashika firimbi. Alipuliza tatu akidhani wote wamemaliza, na watoto wawili wa upande wa kushoto wakaanza kutembea, kumbe mtoto wa mwisho upande wa kulia alikuwa bado na mshale kwenye kamba, na upinde wake umevutwa nusu. Kabla mtu mzima yeyote hajasema neno, mtoto huyo alirudisha kamba polepole, akashusha upinde, akatoa mshale. Mwalimu alipiga firimbi tano, akasimamisha kila kitu, akamwondoa msaidizi kwenye firimbi na kuwakalisha watoto wote chini. Hakuwagombeza wawili waliotembea, kwa kuwa walifuata ishara waliyoisikia. Alieleza kwamba kosa ni la mwenye firimbi, ambaye alipaswa kutazama mstari mzima, kuhesabu pinde kwenye vigingi, ndipo apulize.

Nimelifikiria tukio hilo kwa pande zote. Linaonyesha kwamba mafunzo yameingia, maana mtoto aliyebaki na mshale alifanya sawasawa na alivyofundishwa bila kuambiwa. Lakini usalama unaomtegemea mtoto wa miaka 9 kuwa na akili kuliko mtu mzima si usalama wa kutosha, na mwalimu mwenye ujuzi wa namna hii anapaswa kuwa wa kwanza kukataa watoto asiowamudu. Aniambie kwamba ada za kundi la mchana ndizo zinazolipia mishale iliyovunjika, nitamwamini. Bado nasema idadi ipunguzwe au apatikane mtu wa tatu ambaye kazi yake ni kutazama mstari tu.

Ufundishaji wenyewe ni wa subira. Kabla ya kumpa mtoto upinde, mwalimu humwambia aunganishe viganja vyake abakize tundu dogo, atazame kupitia tundu hilo kitu kilicho mbali, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo litakaloamua ashike upinde kwa mkono upi. Wapo watoto wanaoandika kwa mkono wa kulia lakini jicho lao kuu ni la kushoto, na hao huanzishwa kwa upinde wa kushoto. Bahati mbaya pinde za kushoto ni chache mno, hivyo watoto hao husubiri zamu kwa muda mrefu huku wenzao wakipiga. Kuhusu kuachia kamba bila mshale, jambo ambalo kila mtoto hutamani kulijaribu ili asikie sauti, ni marufuku kabisa, kwa kuwa nguvu iliyopaswa kwenda na mshale hurudi kwenye mikono ya upinde na kuivunja, na vipande vyake huruka karibu na uso.

Ada hulipwa mwanzoni mwa mwezi, kwa dola au kwa franka kwa kiwango cha siku hiyo, na kiwango hicho wanakihesabu wao, kwa hiyo ni vizuri kwenda na dola. Vifaa vyote vimo ndani ya ada, mshale uliovunjika haudaiwi. Sanduku la huduma ya kwanza lipo na nimelifungua: lina bandeji, dawa ya vidonda na glavu. Maji ya kunywa mtoto aende nayo kutoka nyumbani, na choo kilichopo si cha kusifiwa. Mvua ikinyesha hakuna pa kujikinga zaidi ya mwembe, na somo huahirishwa bila kurudishiwa pesa, isipokuwa mwalimu hujitahidi kulifidia Jumapili mchana.

Anayetaka kumpeleka mtoto aombe kundi la asubuhi, amwambie mwalimu bila aibu kwamba hataki shabaha ya nne ya kulia hadi pengo lizibwe, na asikubali kuondoka kiwanjani somo la kwanza kabla hajaona mchezo wa firimbi. Nafasi za asubuhi hujaa mapema likizo kubwa inapokaribia, kwa hiyo ni afadhali kwenda kujiandikisha kabla shule hazijafungwa.